Mgonjwa wa Moyo Akirudi Nyumbani: Miguu, Daftari na Simu

Mgonjwa wa moyo akiruhusiwa kutoka hospitali, watu wa nyumbani hufurahi na kusema, "Amepona." Hutandikiwa vizuri, hupikiwa, na kila akitaka kuinuka huambiwa, "Keti tu, moyo wako ni mgonjwa." Baada ya wiki chache miguu imelegea, pumzi imekuwa fupi, naye ameanza kuogopa hata kwenda chooni peke yake. Wengine hufanya kinyume. Wakijisikia nafuu huacha dawa, ati zimeshafanya kazi yake. Kabla ya miezi mingi kupita wamerudishwa wodini wakiwa na hali mbaya kuliko mwanzo.

Njia hizi mbili zinatupotezea watu. Iko njia ya tatu, nayo ni mgonjwa kuendelea kufanya mazoezi na kufundishwa akiwa kwake nyumbani, huku hospitali ikimfuata kwa simu.

JE, KUPUMZIKA SI DAWA?

Zamani hata madaktari waliamini hivyo. Mtu aliyepata mshtuko wa moyo alilazwa kitandani wiki nyingi. Mwaka wa 1952 madaktari wawili wa Boston, Marekani, Samuel Levine na Bernard Lown, waliandika jinsi walivyowaketisha wagonjwa wao kwenye kiti mapema badala ya kuwalaza. Jambo hilo liliwatisha wengi wakati huo, lakini wagonjwa waliendelea vizuri. Siku hizi yajulikana kwamba kulala sana hudhoofisha misuli na huweza kugandisha damu miguuni.

Misuli ya miguu iliyozoea kazi huitumia vizuri hewa inayoletwa na damu. Kwa hiyo moyo haulazimiki kupiga kwa nguvu sana kila mtu anapotembea au kupanda kilima. Ndiyo sababu mgonjwa hufundishwa kutembea kidogo kidogo, kula vizuri, kumeza dawa bila kukosa, na kutambua dalili za hatari.

Shida ni kwamba mafunzo haya kwa kawaida hufanyiwa hospitalini, mara mbili au tatu kila wiki. Mtu wa shambani atatoa wapi nauli ya matatu na boda boda mara tatu kwa wiki, miezi mitatu mfululizo?

JE, WA NYUMBANI HUFAIDIKA KAMA WA HOSPITALI?

Swali hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Huko Edinburgh, Scotland, wagonjwa waliotoka kupata mshtuko wa moyo walipewa kitabu cha mafunzo ya wiki sita cha kutumia nyumbani, na mtaalamu akawafuatilia. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1992. Waliotumia kitabu walikuwa na wasiwasi mdogo, na walimwendea daktari mara chache kuliko wenzao. Tangu hapo watafiti wamelinganisha mazoezi ya nyumbani na ya hospitali katika nchi kadhaa, na wameona faida zake zinakaribiana sana.

Simu nayo imejaribiwa. Huko Sydney, Australia, wagonjwa 710 waligawanywa katika makundi mawili, na kundi moja likatumiwa ujumbe mfupi mara nne kwa wiki kwa miezi sita. Ujumbe ulihusu chakula, mazoezi na sigara. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2015: waliopata ujumbe presha yao ilikuwa nzuri zaidi, mafuta kwenye damu yalipungua, na wavutaji sigara walikuwa wachache.

Hapa kwetu, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, wagonjwa ambao moyo wao umedhoofika walijaribu njia hizi. Wengine walifanyia mazoezi hospitalini, wengine nyumbani. Taarifa iliyochapishwa mwaka wa 2022 ilionyesha kwamba jambo hili lawezekana Kenya.

KUTEMBEA KUNA KIPIMO CHAKE

Mgonjwa asianze mazoezi kabla ya kupimwa. Daktari huangalia moyo wenyewe, halafu mara nyingi mgonjwa huambiwa atembee kwa dakika sita ili ionekane anafika umbali gani. Wako ambao ni lazima wangoje, kama vile mwenye maumivu ya kifua akiwa ameketi tu, mwenye homa, aliyevimba zaidi ya jana, au ambaye vali ya moyo wake, yaani kile kilango cha kupitisha damu, imebana sana.

Aliyeruhusiwa huweza kuanza na dakika tano au kumi mahali tambarare, mara mbili kwa siku. Mwanzo atembee polepole, katikati aongeze mwendo, na mwisho apunguze tena. Kila wiki huongezwa dakika chache, mpaka zifike thelathini kwa siku, siku tano za wiki. Asitembee akiwa ameshiba sana wala jua likiwa kali.

Atajuaje kama amezidisha? Kipimo ni mdomo wake. Akitembea aweze kuongea na mwenzake bila kukatakata maneno. Akishindwa kuongea, apunguze mwendo. Akiweza hata kuimba, basi anaweza kuongeza kidogo.

Aliyepasuliwa kifua awe mwangalifu. Mfupa wa kifua huchukua kama miezi mitatu kuunga vizuri. Wakati huo asibebe mtungi wa maji wa lita 20, asipasue kuni, wala asivute ng'ombe kwa kamba.

MIZANI NA DAFTARI

Kwa mtu ambaye moyo wake umedhoofika, maji hujaa mwilini kabla ya mwenyewe kutambua. Mizani huona mapema. Ajipime kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya chai, akiwa na nguo nyepesi, kisha aandike kilo zake. Zikiongezeka zaidi ya mbili kwa siku tatu, hayo si mafuta bali ni maji, na hospitali ijulishwe siku hiyo hiyo.

Daftari la shule latosha. Lipigwe mistari ya tarehe, kilo, presha kama imepimwa, dakika za kutembea, dawa, na neno moja kuhusu siku ilivyokuwa. Kama mgonjwa hajui kusoma, mtoto au mjukuu aandike.

SIMU YENYEWE INAKUWAJE?

Si lazima iwe simu kubwa ya intaneti. Kinachotakiwa ni siku na saa iliyopangwa, na muuguzi mwenye orodha ya maswali. Tuseme ni Jumanne saa nne asubuhi:

"Mzee, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, sista. Shikamoo yako nimeisikia kwa mbali."

"Marahaba nitangoja siku nyingine! Mizani inasemaje?"

"Sitini na tano. Jumapili ilikuwa sitini na mbili na nusu."

"Na usiku unalalia mito mingapi?"

"Zamani mmoja. Sasa mitatu, nikilala chini nakosa pumzi."

"Ile dawa ya kutoa maji mwilini unameza?"

"Niliiacha Ijumaa, sista. Tulikuwa na safari ya mazishi, na ile dawa inanisumbua kwa kukojoa njiani."

"Mzee, usingoje tarehe ya kliniki. Njoo leo, na uje na mtu."

Angalia vile maswali machache yalivyofichua jambo kubwa. Mzee huyu hakuwa mkaidi. Hakuna aliyemweleza kwamba siku ya safari angeweza kumwuliza daktari kuhusu kubadilisha saa ya dawa hiyo. Bila simu angekaa mpaka tarehe yake, na huenda asingeifikia.

MAMBO YA KUFUNDISHWA

1. Dawa haziachwi kwa kuwa umepata nafuu. Ile nafuu ndiyo kazi ya dawa. Zikikaribia kwisha, zitafutwe wiki moja mbele.

2. Chumvi. Kwa siku isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, ikihesabiwa ile ya ndani ya mkate, vidonge vya mchuzi na samaki waliokaushwa kwa chumvi. Mwenye moyo uliodhoofika aweza kuambiwa apunguze zaidi. Chumvi isiwekwe mezani.

3. Waliowekewa vali ya chuma humeza wafarini maisha yao yote, ili damu isigande kwenye vali. Imezwe saa ile ile kila siku, na damu ipimwe kwa tarehe iliyowekwa. Sukuma wiki, mchicha na managu hazikatazwi, lakini ziliwe kwa kiasi kile kile. Ukizila sana wiki hii na kuziacha wiki ijayo, kipimo cha damu huyumba. Mama anayetaka kuzaa amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwani dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

4. Dawa za maumivu za dukani, kama ibuprofeni na diklofenaki, ni hatari kwa wagonjwa wengi wa moyo. Mitishamba nayo isichanganywe na dawa bila kumwambia daktari.

5. Vijana wengi hapa kwetu huharibikiwa na vali kutokana na homa ya rumatiki, ambayo huanza kwa maumivu ya koo yasiyotibiwa. Hao huhitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Shule ikifungwa au isifungwe, sindano haikosi.

6. Woga na huzuni. Wengi hulia usiku wakidhani moyo utasimama. Wengine huogopa kulala na mke au mume wao na hawathubutu kuuliza. Kwa kawaida, anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema sana wala kuumwa kifua anaweza kurudia mambo ya chumbani. Lakini aulize, na daktari asione haya kujibu.

SIMU ISIYOWEZA KUFANYA

Simu haidungi sindano. Haipimi kuganda kwa damu, na haisikilizi mapigo ya moyo. Kwa hiyo zahanati ya karibu bado inahitajika. Pia tunao wahudumu wa afya ya jamii. Mnamo Septemba 2023 serikali ilianza kuwagawia wahudumu kama 100,000 mikoba ya kazi, yenye mashine ya kupima presha na mizani ndani yake. Mhudumu wa kijiji chako mwombe apite kwa mgonjwa kabla ya siku ya simu, ili muuguzi apate hesabu za kweli.

Kuna dalili ambazo hazingoji simu ya Jumanne. Mgonjwa akimbizwe hospitali mara moja akiwa na:

- maumivu au uzito kifuani usiopungua baada ya kupumzika dakika chache, hasa akitokwa na jasho;
- kuzimia;
- kukosa pumzi akiwa ameketi, au kukohoa povu lenye rangi ya damu;
- mdomo kwenda upande, mkono mmoja kulegea, au maneno kutoeleweka, maana hicho ni kiharusi;
- damu isiyokatika, kwa anayemeza wafarini.

KABLA YA KUTOKA WODINI, ULIZA

Hospitali nyingi bado hazina mpango maalum wa kufuata wagonjwa wa moyo kwa simu. Lakini mgonjwa na jamaa zake wanaweza kuuanza wenyewe kwa kuuliza haya, na kuandika majibu kabla ya kuaga:

Ugonjwa wangu unaitwaje? Kila dawa ni ya nini, na nikiikosa nifanye nini? Nitembee dakika ngapi, na nani ameniruhusu? Kilo zangu leo ni ngapi? Nimpigie nani, nambari gani, saa ngapi? Usiku je?

Vikundi vya akina mama na vyama vya kijiji navyo vina nafasi yao. Mizani moja ya kikundi yaweza kutumiwa na nyumba kumi. Kijana mwenye simu aweza kumpigia muuguzi kwa niaba ya jirani asiye na pesa za simu. Na kama kuna mgonjwa wa moyo aliyerudi nyumbani juzi, usimpelekee tu sukari na pole. Mwombe mtoke mtembee pamoja dakika kumi, mkiongea, maana akiongea na wewe njiani ndivyo mtakavyojua kama mwendo unamfaa.