Jenereta ya Mkojo: Kinachobaki Kwenye Ndoo

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka taratibu)

Wiki iliyopita kijana mmoja, fundi wa kuchaji simu, alituletea swali kwenye karatasi: "Kaka mtangazaji, nimeona video ya wasichana wa Nigeria wanawasha jenereta kwa mkojo. Hapa kambini mkojo ni bure. Kwa nini tusitengeneze?"

Kwanza nilicheka. Halafu nikaenda kulisomea.

Video ni ya kweli. Mwaka 2012, katika maonyesho ya wabunifu mjini Lagos, wasichana wanne walionyesha jenereta hiyo, wakasema lita moja ya mkojo inatoa umeme wa saa sita. Kanuni yake nayo ipo. Mkojo una urea, ileile ya mfuko wa mbolea, karibu gramu 20 kwa lita. Ukipitisha umeme, urea inavunjika na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Mwaka 2009 Gerardine Botte na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, walionyesha kuwa nikeli, madini yasiyo ghali kama platinamu, inaweza kuwa kichocheo cha kazi hiyo. Kwa hesabu za kitabuni, kuvunja maji kunataka volti 1.23, urea 0.37 tu.

Sasa fundi, sikiliza hapa. Nikeli haianzi kazi mpaka volti ikaribie 1.4. Umeme utakaoutoa kwenye betri ni mwingi kuliko utakaorudishiwa na jenereta. Betri hiyohiyo ingechaji simu zako moja kwa moja.

Lakini hiyo ni hasara ya mfuko tu. Mimi naogopa ndoo.

Kitabuni, naitrojeni iliyo ndani ya urea inatoka kama gesi, ileile iliyojaa hewani tunayovuta, na haina madhara. Ila ili itoke, atomi zake mbili lazima zikutane na kushikana. Kwenye nikeli, nyingi hushikwa na oksijeni kabla hazijakutana. Watafiti walipopima maji yaliyobaki, walikuta sehemu kubwa ya naitrojeni imo humohumo, imegeuka nitriti, na nyingine sianati. Huwezi kuiona kwa macho.

Nitriti ikiingia kwenye damu, damu inashindwa kubeba oksijeni. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga chini ya miezi sita, hasa wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo. Midomo na kucha hugeuka bluu, mtoto anahema kwa shida. Huyo ni wa kukimbizwa zahanati palepale. Na mama zangu, kuchemsha hakuiondoi: maji yanapungua, nitriti inabaki.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 3 za nitriti kwa lita ya maji ya kunywa. Tupige hesabu. Tuseme nusu ya naitrojeni ya lita moja ya mkojo imegeuka nitriti. Hiyo ni kama gramu 15, yaani inatosha kulifikisha tangi la lita 5,000 kwenye kikomo hicho. Lita moja tu! Na wewe ulitaka kukusanya madumu.

Bado kuna chumvi. Mkojo una chumvi, na umeme ukipita humo klorini inaweza kutoka, ile tunayoijua kwa harufu kwenye maji ya bomba, ila hapa ni gesi ya kuvuta kifuani ndani ya hema. Pia nikeli inataka kostiki soda, ya watengeneza sabuni, inayounguza ngozi. Na haidrojeni yenyewe inalipuka kwa cheche moja.

Wataalamu hawajakata tamaa. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, walitangaza mitambo mipya, mmoja ukitumia kichocheo cha shaba, ili naitrojeni itoke kama gesi na isibaki nitriti. Lakini wao wana maabara ya kupima kinachobaki. Sisi tuna mtaro unaoshuka kuelekea kisima.

Kwa hiyo fundi, usijaribu. Mkojo huohuo, ukitunzwa kwa muda kwenye dumu lililofungwa kisha ukachanganywa na maji mengi, ni mbolea ya mahindi, mbali na kisima. Na kama tayari umeshajaribu, usimwage. Funika ndoo, weka mbali na watoto, uwaite watu wa maji na usafi. Hakuna atakayekugombeza.

(Muziki unapanda)