Ukungu wa Programu au Ukungu wa Lenzi: Picha Gani Inauza Kikapu Chako?

Mteja akiwa Nairobi na kikapu kikiwa Namoruputh, kitu pekee anachokiona kabla ya kutuma pesa ni picha. Hawezi kushika mpini auvute kidogo ajue kama umeshonwa vizuri. Hawezi kunusa majani ya mkoma. Anaangalia simu, anapanua picha kwa vidole viwili, kisha anaamua: nilipe, ama niachane nayo?

Huko kupanua kwa vidole ndiko kumetufanya tuandike makala haya. Wauzaji tunaokutana nao Lodwar na Kakuma wanaweka bidhaa zao kwenye status ya WhatsApp na kwenye Facebook, na wengi wanapenda ule ukungu wa nyuma: bidhaa iko wazi, ukuta na watu walio nyuma wamefifia. Inapendeza, hatukatai. Picha inaonekana kama imepigwa studio. Shida ni kwamba ukungu mwingi tunaouona haujapigwa na kamera. Umepakwa na programu baada ya picha kupigwa, na programu hukisia. Ikikisia vibaya, anayeulizwa maswali ni wewe muuzaji.

Tulijaribu wenyewe hapa Lodwar kwa simu ya bei ya kawaida, ile ambayo wateja wetu wengi wanayo. Tuliweka mezani vitu vitatu: kikapu cha mkoma, bangili ya shanga, na ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mzee wa Kiturkana hutembea nacho, akakalia mchana na kulazia kichwa akipumzika. Kila kimoja tulikipiga mara mbili, kwanza kwa hali ya potreti ambayo simu inajiwekea ukungu, halafu kwa kamera ya kawaida bila urembo wowote.

Ekicholong ndiyo ilituchekesha. Kina uwazi katikati, chini ya kikalio, na kina kamba ya ngozi ya kukishikia. Simu iliona mbao vizuri sana, lakini kamba ya ngozi ikaihesabu kuwa ni sehemu ya nyuma na kuipaka ukungu, mpaka ikaonekana kama moshi. Pale kwenye uwazi ikafanya kinyume chake: mchanga uliokuwa unaonekana kupitia uwazi ukabaki wazi kabisa, ilhali mchanga uleule pembeni umefifia. Mtu asiyejua kamera atasema tu kwamba hii picha ina kitu. Akishasema hivyo, hatumi pesa.

Kikapu kilikuwa kibaya zaidi kwa upande wa biashara. Nyuzi za majani zinazochomoza ukingoni zililiwa zote, na mpini mmoja ukapungua unene. Sasa fikiria mteja amelipa, kikapu kimepanda basi, kimesafiri zaidi ya kilomita 600, amekifungua na kuona ukingo una nyuzi ambazo kwenye picha hazikuwepo. Atasema umemtumia kingine. Na kinyume chake ni kibaya vilevile, pale ambapo ukungu umefunika mpasuko mdogo karibu na ukingo. Hukuwa na nia ya kudanganya, lakini picha imedanganya kwa niaba yako. Kampuni ya malipo inaweza kuthibitisha pesa imetoka simu gani, imeingia simu gani, saa ngapi. Haiwezi kuthibitisha kikapu kilikuwa na mpini wa aina gani. Hapo ushahidi wako wote ni ile picha.

Kwa nini simu inakosea hivi? Kamera kubwa ya mpiga picha wa harusi inafifisha nyuma kwa sababu ya tundu la lenzi yake. Lenzi ya milimita 50 ikifunguliwa hadi f/1.8 ina tundu la upana wa karibu milimita 28. Lenzi kuu ya simu, hata ikiandikwa f/1.8 hiyohiyo, ni fupi sana, milimita tano hivi, kwa hiyo tundu lake ni kama milimita tatu tu. Tundu dogo linaonyesha karibu kila kitu kikiwa wazi, cha mbele na cha nyuma. Ndiyo maana watengenezaji wa simu walitafuta njia ya mkato. iPhone 7 Plus ya mwaka 2016 ilitumia lenzi mbili kulinganisha kilicho karibu na kilicho mbali, kama unavyofumba jicho moja kisha jingine ukaona kidole chako kinahama. Pixel 2 ya Google ya mwaka 2017 ilifanya hivyo kwa lenzi moja, ikisaidiwa na programu iliyofundishwa kumtenga mtu na kilicho nyuma yake. Tangu hapo teknolojia hiyo imeshuka hadi kwenye simu za bei nafuu. (Na usihesabu macho yaliyo nyuma ya simu ukadhani ndiyo ubora. Kwenye simu nyingi za bei ya chini moja ya hayo macho ni kamera ndogo ya pikseli milioni mbili ambayo kazi yake ni kidogo mno.)

Programu ikiwa imefundishwa kumtambua mtu, uso na mabega, inajitahidi ukijipiga selfi. Kikapu cha nyuzi, pembe za mbuzi, ushanga unaoning'inia, hayo ni mambo mengine.

Sasa tuje kwenye kile ambacho simu yako inaweza bila programu. Kuna kipimo kimoja ambacho ukikielewa hutahitaji kingine. Kwenye picha isiyorembwa, ukungu wa vitu vya mbali nyuma ya bidhaa hauzidi upana wa tundu la lenzi, ukiupima pale bidhaa ilipo. Kwa simu tumesema ni milimita tatu hivi, yaani kama upana wa ushanga mmoja. Basi jiulize: milimita tatu ni nyingi au ni kidogo kwenye picha yangu?

Ukipiga bangili kwa karibu, picha nzima inachukua eneo la upana wa sentimita nane hivi. Hapo milimita tatu ni nyingi. Nyuma inafifia yenyewe, laini, kila shanga iko mahali pake, na uzi unaochomoza unabaki uzi. Tulipopiga bangili yetu hivyo, hakuna aliyeamini kwamba ni simu ileile. Lakini mbuzi anahitaji eneo la zaidi ya mita moja. Milimita tatu ndani ya mita moja ni sawa na hakuna. Hata ufanye nini, simu yako haitamfifishia mbuzi ukuta wa nyuma, na atakayekuambia inawezekana anakuuzia programu. Kikapu kikubwa kiko upande wa mbuzi.

Kwa hiyo bidhaa ndogo, sogea karibu. Shanga, hereni, pete, kisu cha mkononi, hata sabuni na mafuta ya nywele. Sogea mpaka kamera ikatae kushika, yaani picha nzima iwe na utelezi, halafu rudi nyuma kidogo mpaka ishike tena. Gusa bidhaa kwenye kioo ili simu ijue unataka nini kiwe wazi. Kisha toa ile bidhaa ukutani! Hapa ndipo wengi wanapoteza ukungu wa bure. Bangili ikiwa sentimita 15 kutoka kwenye simu na ukuta uko sentimita 15 nyuma yake, unapata nusu tu ya ukungu. Ukuta ukiwa mita tatu nyuma, unapata karibu wote. Weka bidhaa kwenye ukingo wa meza mlangoni, simu ielekee uwanja, umemaliza.

Kusogeza picha kwa zoom ya vidole hakusaidii kwenye simu nyingi. Inakata tu picha na kuipanua, hakuna ukungu unaoongezeka.

Bidhaa kubwa, acha kabisa habari ya ukungu. Tafuta mahali pasafi. Na kusema kweli, Turkana tumebarikiwa kwa hili kuliko mtu anayepiga picha katikati ya jiji: mchanga mtupu wa lugga, ukuta wa udongo, anga. Kikapu kikiwekwa kwenye mchanga asubuhi kabla ya saa mbili na nusu, jua likiwa bado chini, kivuli kinaonyesha kila msuko. Saa sita mchana jua letu linaua picha, kivuli kinakuwa cheusi na rangi zinapauka, basi ingia chini ya mti au kwenye kivuli cha duka. Huna mahali pasafi? Shuka ya rangi moja au leso iliyogeuzwa upande usio na maua mengi inatosha. Mbuzi mpige ubavuni, ukiwa umechutama usawa wa mgongo wake, na usimkate miguu. Mnunuzi wa mbuzi anataka kuona kwato.

Kuna ukungu wa tatu ambao hakuna anayeutaka: vumbi na mafuta ya vidole kwenye lenzi. Kwa upepo wa huku, simu ikikaa mfukoni nusu siku tayari ina utando, na picha yote inapata weupeweupe. Futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba kabla hujalaumu simu.

Hatusemi ufute hali ya potreti. Kwa picha yako ya wasifu, kwa tangazo la kinyozi au la mama fundi wa nguo akiwa amesimama mwenyewe, inafaa, mradi upanue ukingo wa nywele na masikio kabla ya kutuma. Kwa kitu ambacho mtu analipia kabla ya kukipokea, sisi tungependa uache.

Kuna matumizi mengine ya ukungu ambayo yanatuhusu zaidi kama kampuni ya malipo, nayo ni kuficha. Wakala anapiga picha ya duka lake jipya, nyuma kuna daftari la wateja limefunguka: majina, namba za kitambulisho, namba za simu. Anaona, anapaka ukungu juu, anaweka status. Ama mteja anatuma picha ya ujumbe wa malipo akiwa amefifisha salio. Hapa ujue tofauti moja kubwa. Ukungu wa lenzi hutokea kabla picha haijahifadhiwa, kwa hiyo maelezo mengi hayakuingia kwenye simu kabisa. Ukungu wa programu unakuja juu ya picha iliyokuwa wazi, na mara nyingi ile ya wazi bado ipo. Simu nyingi zinakuruhusu kufungua picha ya potreti kesho na kuondoa ukungu wote. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inaenda ile unayoiona. Ukiituma kama faili, au ukimpa mtu simu yako, ni habari nyingine.

Na hata ukungu wenyewe si ukuta. Mwaka 2020 ilitolewa programu ya bure inayoitwa Depix, inayojaribu kurudisha maandishi yaliyofichwa kwa vile viraba vya mraba. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba picha za skrini zilizokatwa kwa zana ya simu za Pixel zilikuwa zimebakiza ndani sehemu iliyodhaniwa imekatwa. Google ilirekebisha, lakini picha zilizokwisha kusambazwa hazikurudi. Namba zina umbo linalojulikana, kumi tu, 0 hadi 9, kwa hiyo kuzikisia chini ya ukungu mwepesi si kazi ngumu. Ziba kwa rangi nyeusi nzito isiyopitisha kitu, kisha piga picha ya skrini ya hiyo uliyoziba na utume hiyo. Ama funga daftari kwanza, upige upya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda majina na namba za hao wateja, na aliyeziweka hadharani ni wewe.

Kwa ndugu zetu wa Kakuma na Kalobeyei tunaomba uangalifu zaidi. Kambi ipo tangu 1992, na wengi walioko humo wamekimbia watu wanaoweza kuwa bado wanawatafuta. Jirani aliyepita nyuma ya meza yako ya nyanya hajakuomba umtoe mtandaoni, na uso uliofifishwa kidogo na simu bado unatambulika kwa mtu anayemfahamu, kwa kimo, kwa nguo, kwa namna anavyosimama. Geuza meza. Ukuta uwe nyuma yako na bidhaa ielekee mahali pasipo na watu, ama mwombe asubiri nusu dakika apite.

Ukimaliza kupiga, kabla ya kuandika bei na nambari ya till, panua picha yako kwa vidole viwili kama mteja atakavyofanya. Zunguka ukingo wote wa bidhaa, polepole, halafu pembe nne za picha. Kama mpini wako una vidole vya moshi, piga nyingine, jua bado liko chini.