Samaki wanakufa ilhali maji yanang'aa? Usikimbilie kuosha tangi

Katika nyumba nyingi zenye tangi la samaki wa mapambo, mkasa huwa ni uleule. Asubuhi mtoto anakuta samaki wawili wanaelea. Mzazi anaona maji yamechafuka: anayamwaga yote, anasugua vioo na kokoto kwa sabuni, anasuuza sponji ya kichujio bombani, kisha anajaza maji mapya. Jioni tangi linang'aa. Siku chache baadaye samaki waliobaki nao wanakufa, na mtoto anaambiwa walinunuliwa wakiwa wagonjwa.

Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi kinachowamaliza ni ule usafi uliofanywa kwa nia njema.

Sumu isiyo na rangi

Samaki anakula, anapumua na kujisaidia ndani ya maji yaleyale. Kinyesi chake, chakula kilichobaki na majani yanayooza hutoa amonia, kemikali inayounguza matamvua, yaani sehemu anayopumulia. Amonia haionekani, hivyo maji yanaweza kuwa maangavu na bado yakaua.

Wanaomwokoa samaki ni bakteria wanaoishi kwenye sponji, kokoto na majani. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huzuia damu kubeba oksijeni. Kundi jingine hugeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Mimea hufyonza amonia na naitreti kama mbolea. Ndiyo maana tangi lenye mimea iliyostawi husumbua kidogo kuliko lenye maua ya plastiki.

Bakteria hao huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kujijenga katika tangi jipya, lakini sabuni na klorini huweza kuwaua kwa siku moja. Anayeosha kila kitu anarudi mwanzo, huku samaki wakiendelea kujisaidia kama kawaida.

Hatari hiyo haiishii kwa samaki. Naitreti ikizidi kwenye maji ya kisima, kwa mfano kilichochimbwa karibu na choo, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo anaweza kukosa oksijeni ya kutosha kwenye damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na kuchemsha maji hakuondoi naitreti.

Bomba, kisima na makombe ya pwani

Maji ya bomba ya Jiji la Tanga hutoka Mto Zigi, yakikusanywa katika Bwawa la Mabayani kabla ya kusafishwa. Klorini inayomlinda mlaji dhidi ya vijidudu huumiza samaki. Maji mapya yaachwe kwenye ndoo kwa saa 24 hadi 48 ili klorini iruke, au itumike dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo.

Visima vina shida nyingine. Sehemu kubwa ya ukanda wa pwani imekaa juu ya mawe ya matumbawe na chokaa. Hata Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa. Maji yanayopita humo huwa magumu, na ya karibu na bahari huweza kuwa na chumvi. Dalili zake ziko jikoni: sabuni haitoi povu kirahisi na birika hufanya ukoko mweupe.

Wengine huongeza tatizo kwa kupamba tangi kwa makombe na vipande vya matumbawe walivyookota ufukweni. Vitu hivyo huyeyuka polepole na kupandisha pH. Ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara 10, ingawa hakuna uchafu ulioongezwa. Kabla ya kuweka jiwe, lidondoshee siki. Likitoa mapovu, lina chokaa, liache nje.

Soma dalili kabla ya kutibu

Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, shaka ya kwanza ni oksijeni. Usiku mimea nayo huvuta oksijeni, na maji ya moto hubeba kidogo: takriban miligramu 8 kwa lita katika nyuzi 25, na pungufu ya hapo joto likipanda. Kati ya Desemba na Machi liondoe tangi kwenye jua na uiache pampu ya hewa iwake usiku kucha. Umeme ukikatika, chota maji kwa kikombe na kuyamimina tena ndani mara kwa mara. Wakihema mchana kutwa licha ya pampu kuwaka, pima amonia na naitraiti.

Ukungu mweupe kwenye tangi jipya ni bakteria wanaozaliana. Punguza chakula na usubiri. Kwa kawaida hutoweka wenyewe.

Maji yakiwa ya kijani, mwanga na chakula vimezidi. Taa iwashwe saa 8 tu kwa siku, na samaki wapewe kiasi wanachomaliza ndani ya dakika 2 au 3.

Majani yakiwa manjano au yakitoboka, mimea huenda inakosa virutubisho kama chuma na potasiamu. Ondoa yanayooza, kwa sababu nayo huzalisha amonia.

Robo, si yote

Kanuni ni kubadili robo ya maji kila wiki, si yote kwa mara moja. Sponji isuuzwe ndani ya maji yaliyotolewa tangini, bila sabuni. Samaki wapya waongezwe wachache wachache. Amonia na naitraiti zinapaswa kuwa sifuri. Zikionekana kwenye karatasi za kupimia, badili robo hiyo siku ileile na upunguze chakula.

Linda mikono ya mtoto

Maji ya tangi yanaweza kuwa na bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, anayeingia kupitia mchubuko. Wiki kadhaa baadaye hutokea uvimbe au kidonda kwenye kidole au mkono, kisichopona upesi. Hutibika kwa dawa, lakini kwa muda mrefu. Mwenye kidonda kama hicho amweleze daktari kwamba anafuga samaki. Anayeosha tangi avae glavu, na mwenye jeraha asitie mkono. Maji yasivutwe kwa mdomo kupitia mpira.

Ndoo ya maji yanayosubiri klorini iruke ifunikwe kwa kipande cha chandarua. Samaki hula viluwiluwi vya mbu, lakini ndoo haina samaki. Mbu aenezaye dengue, ugonjwa uliowapata wakazi wa Tanga na Dar es Salaam mwaka 2019, hupenda kutaga kwenye maji yaliyotuama majumbani, na yai huweza kuwa mbu kamili kwa wiki moja hivi.

Familia ikichoka kufuga, samaki na mimea visitupwe mtoni. Gugumaji lililetwa Afrika kutoka Amerika ya Kusini kama ua la mapambo, na leo linasumbua mito na maziwa. Mto Pangani una perege wake wa asili, akiwemo aliyepewa jina la kisayansi la Korogwe, Oreochromis korogwe. Samaki asiyetakiwa apewe mfugaji mwingine au arudishwe dukani. Mimea ianikwe juani mpaka ikauke kabisa, ndipo itupwe.