Mama mwalimu na mimba ya kwanza

Mwanamke aliyezaliwa na kukulia Kalemie, nchini Kongo, ameugua malaria mara nyingi hivi kwamba, akifikia umri wa kusimama mbele ya ubao, huiona kama mafua tu. Homa ya siku mbili, vidonge, kisha anarudi darasani. Kwa hiyo anaposhika mimba ya kwanza haoni haraka ya kwenda CPN, yaani kliniki ya wajawazito, hasa kama dada zake na majirani wanamwambia kwamba wao walizaa watoto watano bila kumeza kitu. Wanasema kweli, lakini uzoefu wa mwenye watoto watano hauazimwi. Mimba ya kwanza ina hatari zake, na sababu ziko ndani ya mwili wenyewe.

Tuanze na malaria. Kimelea chake kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, huifanya ing'ang'anie ukuta wa mshipa ili isipelekwe kwenye wengu na kuharibiwa. Mtu aliyekulia penye mbu huwa amejenga kinga dhidi ya vishikio vingi ambavyo kimelea hutumia kung'ang'ania. Lakini kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni, lina sukari yake ya pekee iitwayo kondroitini salfeti A, na kimelea kina kishikio maalumu cha kuinasa. Mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba hajawahi kupambana na kishikio hicho, hivyo kinga yake ya miaka ishirini na mitano haikitambui. Vimelea hujikusanya kwenye kondo na kupunguza chakula na hewa vinavyomfikia mtoto. Mama anaweza asipate homa hata kidogo. Dalili pekee inaweza kuwa uchovu na upungufu wa damu, na mwisho wake mtoto kuzaliwa na uzito mdogo au kabla ya siku zake. Katika mimba ya pili na ya tatu mwili huwa umeshajifunza, na hatari hupungua.

Hiyo ndiyo maana ya vile vidonge vitatu vya Fansidar anavyopewa mama mbele ya mkunga hata kama haumwi. Vinaanza baada ya wiki ya 13, vinarudiwa kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, na vinatakiwa angalau mara tatu kabla ya kuzaa. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapewi Fansidar, kwa hiyo amweleze mkunga mapema. Kuna kosa jingine la kuepuka: asidi ya foliki ya miligramu 5 inayouzwa madukani hupunguza nguvu ya Fansidar. Kipimo cha wajawazito ni miligramu 0.4, pamoja na chuma, kila siku. Chandarua chenye dawa kinabaki kila usiku, maana pwani ya ziwa Tanganyika mbu hawana likizo.

Hatari ya pili ni shinikizo la damu, ambalo wengi wetu tunaliita tansio. Kifafa cha mimba na hali inayokitangulia huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza. Baada ya wiki ya 20, kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, pamoja na protini kwenye mkojo, kinahitaji daktari. Tatizo ni kwamba tansio ikianza kupanda haiumi. Anayekwenda CPN mara moja tu, mwezi wa saba wa mimba, anaweza kupitwa na wiki zote ambazo ingeonekana na kutibiwa. Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na mhudumu mara nane: ya kwanza kabla ya wiki ya 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kati ya siku hizo, kichwa kinachouma bila kupoa, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu chini ya kifua upande wa kulia, au uso na mikono kuvimba ghafla, ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama darasa liko kwenye mitihani.

Sasa tuingie darasani. Elimu ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019, watoto walimiminika shuleni, na mwalimu mmoja akajikuta na kundi kubwa kuliko mabenchi yaliyopo. Mama mwalimu husimama asubuhi nzima, akipaza sauti. Kusimama kwingi hutuamisha damu miguuni, na ndiyo maana nyayo hujaa jioni. Dawa yake ni rahisi: kiti karibu na ubao, wanafunzi wakiandika yeye akae, na nyumbani alale kwa ubavu, miguu ikiinuliwa kidogo.

Tabia mbaya zaidi ni ya kutokunywa maji ili asilazimike kwenda choo cha shule. Wajawazito wengi wanaofundisha huifanya bila kumwambia mtu. Mkojo uliobanwa tangu saa moja na nusu hadi saa sita hukaribisha vijidudu, na maambukizi ya mkojo wakati wa mimba yanaweza kupanda hadi kwenye figo na kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Choo safi chenye mlango na maji ya kunawa ni kinga ya uzazi, na mkuu wa shule anapopanga gharama zake asikisahau.

Maji yenyewe yanataka uangalifu. Kalemie ni mji ambamo kolera hurudi tena na tena, na mafuriko, kama yale ya mwaka 2024 ziwa na mto Lukuga vilipopanda hadi mitaani, huchanganya maji ya kunywa na ya vyoo. Kwa mjamzito, kuhara sana ni hatari kwa watu wawili: akikaukiwa maji, damu inayofika kwenye kondo hupungua na mtoto anaweza kufia tumboni. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, chupa yake isizunguke darasani, na kuharisha kukianza aanze kunywa SRO, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, huku akielekea kituo cha afya. Hatari nyingine huja na wanafunzi wenyewe: mwenye homa na vipele arudishwe nyumbani. Surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini mwetu katika mlipuko ulioanza mwaka 2019, na mjamzito akiipata anaweza kupoteza mimba.

Kuhusu chakula, soko la Kalemie lina vingi anavyohitaji. Bukari ya mihogo hushibisha lakini haijengi damu wala misuli. Kinachojenga ni kinachokaa pembeni yake. Mikebuka na ndakala vina protini, na ndakala huliwa pamoja na mifupa yao, kwa hiyo wanampa mama kalsiamu, madini ambayo upungufu wake huongeza hatari ya tansio ya mimba. Sombe, lengalenga na maharagwe vina chuma, na chuma hicho huingia mwilini vizuri zaidi kikifuatana na limau, embe au papai. Chai ingoje saa moja au mbili baada ya chakula. Pemba, ule udongo ambao wajawazito wengi huutamani, hunasa chuma tumboni na unaweza kubeba mayai ya minyoo. Tena hamu yake mara nyingi ni dalili ya damu kupungua. Anayeutamani kila siku aombe kupimwa damu.

Mwalimu ana faida moja: anajua kupanga mwaka. Achukue siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, aongeze siku saba, arudi nyuma miezi mitatu. Hedhi iliyoanza tarehe 10 Septemba inaleta mtoto karibu na tarehe 17 Juni. CPN ya kwanza basi iwe kabla ya tarehe 3 Desemba, na Fansidar ya kwanza ianze baada ya tarehe 10 Desemba. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 130, inampa mwajiriwa likizo ya wiki 14 mfululizo, sita kabla ya kuzaa na zisizozidi nane baadaye, akilipwa theluthi mbili za mshahara. Kwa mfano wetu, likizo inaanza tarehe 6 Mei na inaisha katikati ya Agosti, ndani ya likizo ya shule. Mwanzoni mwa Septemba mtoto atakuwa hajafikisha miezi mitatu, na hadi Desemba chakula chake kiwe maziwa ya mama peke yake. Hapo kifungu cha 129 kinasaidia: mama anayenyonyesha ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, yanayolipwa kama kazi. Mwalimu wa serikali anaongozwa na sheria ya watumishi wa serikali, hivyo apeleke barua yake mapema kwa mkuu wa shule na sudivisheni ya elimu. Mzito zaidi ni mzigo wa walimu wapya wasiolipwa na serikali, kwa kuwa likizo ya mshahara ambao haupo haimlishi mtu.

Kuhusu kuzaa kwenyewe, mimba ya kwanza ina mwendo wake. Uchungu wa mwanzo unaweza kudumu siku nzima, na njia ikishafunguka sentimita tano, safari iliyobaki inaweza kuchukua hadi saa 12. Hakuna aibu katika hilo, wala si dalili ya uvivu au ya siri mama aliyoficha. Mitishamba ya kuharakisha uchungu ni hatari: hukaza tumbo kupita kiasi na inaweza kupasua kizazi. Lakini chupa ikipasuka, damu ikitoka, au mtoto akiacha kucheza, asingoje. Mama ambaye Lukuga inamtenganisha na maternite yake apange tangu mwezi wa nane wa mimba ni pikipiki gani itamvusha usiku, na pesa za safari ziwekwe kando.

Utafiti wa kitaifa wa 2013-2014 ulikadiria kwamba Kongo ilipoteza wanawake 846 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Vifo vingi vya namna hiyo vinazuilika kwa kipimo cha tansio, damu salama na gari lililofika kwa wakati. Wakuu wa shule, mpeni mama mwalimu kiti, choo na ruhusa ya siku ya CPN. Waume, tafuteni nauli kabla ya uchungu. Na wewe mama mwalimu, usingoje tumbo lionekane: hedhi ikikosekana, nenda CPN mwezi huohuo.