Ayari na Binti Mrithi: Nafasi ya Ungamo katika Komedia ya Mapenzi

Miongoni mwa visa ambavyo komedia ya mapenzi imevitumia kwa muda mrefu, kimoja ni kile cha kijana asiye na kitu anayejitia ukwasi ili amwoe binti mrithi wa mali nyingi, kisha akampenda kwa dhati na kunaswa katika mtego alioutega mwenyewe. Ni rahisi kudhani kwamba nguvu ya kisa hiki hutokana na hofu ya kufichuliwa. Makala haya yanashikilia kwamba mhimili wake ni ungamo: pale ayari anaposema kweli kwa kinywa chake, kabla ya kulazimishwa na mtu.

Mfano ulio bayana ni *The Beaux' Stratagem*, mchezo wa George Farquhar, mzaliwa wa Ireland, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini London mwezi Machi 1707, mwaka uleule aliofariki mwandishi. Mabwana wawili, Aimwell na Archer, wamefuja mali yao hata wamebakiwa na pauni 200. Wanazunguka miji ya mashambani wakitafuta mke tajiri, mmoja akijifanya bwana na mwingine mtumishi wake, na wamepatana kugawana watakachopata. Msomaji aliyezoea mahari itokayo kwa mume hana budi kukumbuka kwamba katika sheria ya Uingereza ya wakati ule mali ya mke, kwa sehemu kubwa, iliingia mikononi mwa mume. Kumwoa mrithi kulikuwa njia ya mkato ya kutoka ufukarani.

Katika mji wa Lichfield yupo Dorinda, binti wa Lady Bountiful, mwenye fungu la pauni 10,000. Aimwell anajitwalia cheo cha kaka yake, kisha anajitia kuzirai mlangoni pa Lady Bountiful, mama asifikaye kwa kuwatibu watu, ili abebwe kuingizwa ndani.

Farquhar amemzungusha ayari huyu na maayari wengine. Boniface, mwenye nyumba ya wageni, anawashuku wageni wake kuwa ni wanyang'anyi, ilhali yeye mwenyewe ni mshirika wa wanyang'anyi. Kasisi Foigard anajidai mzaliwa wa Brussels, lakini lafudhi yake inamfichua kuwa ni mtu wa Ireland. Jambo hili lastahili kuangaliwa na wanaisimu: jina na vazi huazimwa, bali ulimi humrudisha mtu kwao. Foigard anafichuliwa na ulimi wake bila kupenda. Aimwell atautumia wake kujifichua kwa hiari.

Ndoa inapokaribia kufungwa, Aimwell anashindwa kuendelea. Anamweleza Dorinda kwamba yeye si mwenye cheo, ni maskini aliyekuja kuwinda mali. Dorinda anamkubali katika umaskini wake, tena anaona fahari zaidi kuliko alipomdhani mkwasi. Ndipo inapofika habari kwamba kaka yake Aimwell amekufa na kwamba cheo alichokiazima sasa ni chake kwa haki. Mpangilio huu una maana kubwa. Lau habari ingalitangulia ungamo, mchezo ungalikuwa hadithi ya bahati tu; kwa kuwa ungamo limetangulia, bahati inakuja kama tunzo.

Mfumo huo haukosekani katika matini zinazofahamika kwa Kiswahili. Katika *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969 ya mchezo wa Shakespeare, Bassanio anamwendea Portia, mrithi wa Belmont, kwa mapambo yaliyonunuliwa kwa fedha ya mkopo. Hajabadili jina, wala hakuuficha ufukara wake. Hata hivyo hana budi kumwambia Portia kwamba hali yake ni mbaya kupita alivyoieleza, maana ana deni lililomtia rafiki yake hatarini.

Kisa cha Sultani Darai, kimojawapo cha hadithi za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870, kinaonyesha yanayotokea ungamo linapokosekana. Hamdani, fukara anayepekua jaani, ananunua paa kwa thumni aliyoiokota. Paa anapata almasi, anaipeleka kwa sultani kama zawadi ya "Sultani Darai", na kumposea bwana wake binti wa sultani. Anamvua Hamdani nguo, anampiga, kisha anatangaza kwamba wanyang'anyi wamemvamia njiani. Basi sultani anampelekea mavazi ya kifalme. Baadaye paa anaua nyoka mwenye vichwa saba na kuitwaa nyumba yake ya fahari. Hapa pia, kama kwa Aimwell, uongo umegeuka kuwa kweli.

Tofauti iko katika kinywa. Paa ni mshenga, naye ndiye aliyesema yote. Hamdani hakumwambia mkewe lolote juu ya jaa. Paa anapougua, Hamdani anaamuru apewe uji wa mtama, na anapokufa anamtupa kisimani, kana kwamba anamzika shahidi wa asili yake. Mke ndiye anayelia. Usiku mke anaota kwamba yuko kwao, na anapoamka ndiko aliko. Mume anaota kwamba anapekua jaani, na anaamka jaani.

Kwa hiyo tanzu hizi mbili, komedia na ngano, zinatoa hukumu moja kwa njia mbili. Uongo wa ayari husamehewa pale anapojitoa mwenyewe mikononi mwa binti, akimwachia uhuru wa kumkubali au kumkataa. Asiyethubutu kufanya hivyo huweza kulala katika nyumba ya fahari, lakini jaa lake halijahama. Mhakiki atakayevipima visa vya namna hii afaa kuuliza kwanza ni nani aliyeitamka kweli, na aliitamka lini.