Mtaka Cha Mvunguni Sharti Ainame: Jinsi ya Kuitumia na Kuitunza Mashine Inayoisogeza Karavani

Ndugu msomaji, hebu ifikirie hali hii. Ni jioni katika mji mmoja wa Uingereza. Mzee na mkewe, ambao wote wamevuka umri wa miaka 70, wamerejea kutoka mapumzikoni pwani. Nyuma ya gari lao wamevuta karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu yenye vitanda, jiko na meza ya chakula. Kuirudisha kinyumenyume kwa gari hadi mahali pake kando ya nyumba hakuwezekani, kwa kuwa lango ni jembamba na ukuta wa jirani umekaribia mno. Zamani wangalilazimika kuwaita vijana watatu wanne wa jirani waje kusukuma. Leo mzee anaifungua karavani kutoka katika gari, anatoa rimoti mfukoni, anabonyeza kitufe, na nyumba ile yenye uzito wa kilo 1,500 inaanza kujikokota yenyewe, polepole kama kobe, ikaingia langoni.

Huenda ukauliza: habari hii yanihusu nini mimi, ambaye sina karavani? Wengi miongoni mwetu tuna ndugu walio Ulaya, ambako vyombo hivi ni vya kawaida. Tena somo lililomo ndani ya mashine hii linamhusu kila mwenye gari, na kila mwenye betri ya umeme wa jua nyumbani kwake.

Kutoka farasi hadi kitufe

Waingereza wameanza zamani kusafiri na nyumba zao. Mwaka 1885 Dakta William Gordon Stables, aliyekuwa mganga wa jeshi la majini na mwandishi wa vitabu vya vijana, aliagiza atengenezewe gari la namna hiyo huko Bristol. Lilikuwa na uzito unaokaribia tani mbili, nalo lilivutwa na farasi wawili. Mwaka 1907 wapenzi wa safari hizo waliunda chama chao, na mwaka 1919 kampuni ya Eccles ya Birmingham ilianza kuuza karavani za kuvutwa na magari.

Gari la moto lilitatua tatizo la njiani, lakini halikutatua tatizo la langoni. Kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, watu wawili wenye afya wanaweza kuisogeza karavani ya kilo 1,500. Kwenye mwinuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 7, uzito unaowavuta kurudi nyuma ni zaidi ya kilo 200. Hapo ndipo migongo ilipovunjika, na hapo ndipo wazee wengi walipoamua kuuza karavani zao na kubaki nyumbani. Mashine hii imewarudishia safari. Lakini uzito uliokuwa ukiwashinda watu wanne haujapungua hata kidogo. Umewekwa tu chini ya kidole gumba cha mtu mmoja.

Inavyofanya kazi

Mvunguni mwa karavani, karibu na ekseli, hufungwa mota mbili za umeme, moja kwa kila upande. Kila mota huzungusha rola, yaani kipande cha mviringo chenye uso wa kukwaruza. Rola ikikandamizwa juu ya tairi na kuzungushwa, huliviringisha tairi hilo. Tairi zote mbili zikizungushwa pamoja, karavani huenda mbele au nyuma. Likizungushwa moja tu, karavani hugeuka. Katika mashine nyingine rola hukandamizwa kwa mkono kwa kutumia wenzo, na katika nyingine kwa umeme.

Nguvu yote hutoka katika betri ya volti 12 iliyomo ndani ya karavani. Rimoti haibebi nguvu yoyote. Kazi yake ni kupeleka amri tu kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kisanduku kinachoziongoza mota.

Utaratibu ambao haupinduliwi

Msomaji mpenzi, ajali za mashine hii haziletwi na kitufe. Huletwa na yale yaliyosahauliwa kabla ya kubonyeza kitufe. Kwa hiyo, fuata mpango huu kila mara, hata kama safari yenyewe ni ya hatua tano.

Kwanza, hakikisha karavani imefunguliwa kutoka katika gari na breki yake ya mkono imekazwa. Ondoa waya wa umeme wa nyumba, inua miguu minne ya pembeni, na unyooshe gurudumu dogo la mbele. Asibaki mtu ndani, na watoto wakae mbali mahali unapowaona.

Pili, washa swichi kuu ya betri, kisha kandamiza rola juu ya matairi. Zitazame zote mbili kwa macho yako. Rola zikiisha kushika, ndipo uilegeze breki ya mkono. Mtu akitangulia kulegeza breki mahali penye mteremko, hakuna kitu cha kuizuia nyumba ile, na kilo 1,500 zikianza kuteremka hazisimamishwi kwa mikono. Mtu aliyekimbia kuzizuia anaweza kupondwa dhidi ya ukuta.

Tatu, unapoendesha, tembea pembeni. Usisimame kamwe kwenye upande wa chini wa mteremko wala kati ya karavani na ukuta. Usiharakishe. Mashine hii huenda sentimita kama 15 tu kwa sekunde, nayo huwapa wote nafasi ya kutazama.

Nne, ukifika, pindua ule utaratibu: kaza breki ya mkono kwanza, weka vigingi vya kuzuia magurudumu, ndipo uziachie rola. Rola si breki ya kulalia. Zikiachwa zimekandamiza kwa siku nyingi huliumiza tairi, na zikisahauliwa wakati wa kuvuta karavani barabarani huiharibu mashine yenyewe. Mwisho, zima swichi kuu.

Kwa kifupi: kabla ya kuondoka, rola kwanza kisha breki. Baada ya kufika, breki kwanza kisha rola. Sentensi hizi mbili zingefaa kubandikwa mlangoni mwa kila karavani yenye mashine hii.

Ikigoma

Sasa tuseme umebonyeza kitufe, na karavani imekaa kimya. Wengi hukimbilia kuilaumu mota. Aghalabu mota haina kosa lolote. Anza na lililo jepesi.

Tazama taa ya rimoti. Ikiwa haiwaki, badilisha betri zake ndogo. Ikiwa inawaka, tazama swichi kuu, maana wengi wameita fundi kumbe swichi imezimwa. Kisha tazama fyuzi, na uangalie kama plagi ya umeme ya karavani bado imo katika soketi ya gari, kwa kuwa mashine nyingine hukataa kufanya kazi zikiwa katika hali hiyo. Ikiwa karavani inakwenda kwa kushtukashtuka, sogea karibu nayo, huenda mawimbi ya rimoti yanakatika.

Ikiwa mota zinazunguka lakini karavani haisogei, shida iko kati ya rola na tairi. Huenda tairi limelowa au limejaa matope, au halina upepo wa kutosha, au rola haikushika sawasawa. Safisha tairi, jaza upepo, kandamiza upya. Ikiwa gurudumu limekwama mbele ya kizingiti, usiilazimishe mashine. Weka ubao uliochongwa mshazari, gurudumu lipande taratibu. Na kama umefunga matairi mapya, mwite fundi apime upya nafasi iliyopo baina ya rola na tairi, kwani tairi jipya ni nene kuliko lililolika.

Ikiwa upande mmoja tu ndio unaofanya kazi na karavani inazunguka mahali pamoja, kaza breki kwanza, kisha uangalie kama rola ya upande wa pili imeshika na kama waya wa mota yake haukulegea. Na mashine ikizimika baada ya kazi ndefu, yawezekana imepata joto. Ipe nafasi ipoe.

Taa inayodanganya

Iko hila moja ambayo yafaa ielezwe peke yake. Karavani inasogea hatua mbili, inasimama. Mwenyewe anaingia ndani, anawasha taa, taa inang'ara vizuri. Anatoka akisema, "Betri ni nzima, mashine ndiyo mbovu."

Amedanganywa na taa. Taa huhitaji umeme kidogo sana, pengine ampea moja au pungufu. Mota za kusogeza karavani huhitaji makumi ya ampea, na mlimani huweza kupita 100. Betri iliyochoka huweza kuwasha taa usiku kucha, lakini ikidaiwa nguvu nyingi kwa ghafla, volti zake huanguka, na kisanduku cha kuongozea huzima mota ili kujilinda. Ndiyo habari ile ile ya gari ambalo taa zake zinawaka asubuhi lakini injini haishtuki.

Pima betri yako ya asidi na risasi kwa mita baada ya kuiacha ipumzike. Volti 12.7 maana yake imejaa. Karibu na 12.2 imebaki nusu, nayo haifai kuachwa ishuke chini ya hapo mara kwa mara, kwani maisha yake hufupika. Ikisoma vizuri ikiwa imetulia lakini ikaanguka vibaya mota zinapofanya kazi, basi imezeeka, au vichwa vyake vimeota kutu, au nyaya zimelegea. Safisha na ukaze vichwa hivyo kabla ya kununua betri mpya. Na katika miezi ya baridi, karavani inapolala bila kazi, ichaji betri kila baada ya wiki chache. Betri huvuja umeme wake hata ikiwa haitumiki.

Kabla ya safari ya kwanza ya mwaka, inama utazame. Ondoa matope na mawe yaliyoganda kwenye rola, tazama nyaya, jaribu wenzo. Ni kazi ya nusu saa. Tena kumbuka kwamba mashine yenyewe ina uzito wa kilo 30 hivi au zaidi, na uzito huo lazima upunguzwe katika mizigo inayoruhusiwa ndani ya karavani.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mzee yule wa langoni hana tena haja ya kusukuma, na hilo ni jambo la kumshukuria Mungu. Haja ya kuinama na kutazama bado anayo. Siku atakapoiacha, afadhali awaite vijana wa jirani.