Mwenyeji Asiyekuwa Mwenyeji: Utambuzi wa Mashine katika Ujenzi wa Programu

Skripti inayojenga programu haina budi kuijua tarakilishi itakayoiendesha programu hiyo. Katika Autoconf, iliyoanzishwa na David MacKenzie mwaka wa 1991, skripti iitwayo config.guess huihoji mashine kwa amri ya uname, kisha hutoa utambulisho kama vile x86_64-pc-linux-gnu, yaani prosesa, mtengenezaji na mfumo endeshi. Hata hivyo, jibu hilo huihusu mashine inayojenga pekee. Programu inapojengewa kifaa chenye prosesa ya ARM, bahatisho hilo hupotosha na zao lake haliendesheki huko. Mjenzi sharti akitaje kifaa hicho kwa chaguo la --host. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kwa tafsiri sisisi neno hilo ni ‘mwenyeji’, ilhali linalorejelewa ni kule programu inakohamia. Nalo --target, ‘lengwa’, huzihusu zana zinazozalisha msimbo tu, mathalani kompaila.